Mita 60 Hazionekani Ukiwa Juu

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam huku Kilwa, nilibahatika kupata kiti kwenye kindege cha injini moja kutoka Mtwara. Tulipoiacha Lindi na kulifikia bonde la Mbwemkuru, nilinyamaza. Ndiko nilikokulia.

Bonde lote lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Pembezoni, maji yalipokuwa haba, matuta ya majaruba yalichomoza mstari kwa mstari. Katikati lilibaki paa la dungu moja, makuti yameinamia upande, na juu yake kitu chekundu, labda kanga. Nimelala kwenye dungu kama lile nikifukuza ndege na nguruwe. Mpunga ule ulikuwa umekaribia kuvunwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukisimama chini, mita 60 ni umbali wa kutosha. Kule juu niliutafuta ukingo wenyewe, sikuuona.

Lakini anayesema wakulima wahame bondeni moja kwa moja hajalima huku. Ardhi ya juu ni mchanga. Inakubali korosho, ufuta na mihogo, mpunga haiutaki. Na maji hayohayo ndiyo yanayoleta rutuba. Jirani zetu wa Rufiji wana kilimo chao cha mlao, wanapanda mafuriko yakishapungua.

Ninachotaka ni kipimo kinachotokana na bonde lenyewe. Halmashauri zirushe droni maji yakiwa bado yamejaa, picha ziletwe kwenye mkutano wa kijiji kabla mvua za Novemba hazijaanza, wazee waonyeshe mto ulikopita zamani. Hapo ndipo tupange: nyumba na maghala juu, mbegu za muda mfupi kule chini kabisa. Kusubiri maji yakauke halafu watu wabishane kwa kukumbuka ni kuwaonea wakulima.

Picha zangu za simu nilizipeleka nyumbani mwezi uliofuata. Mama mdogo alivaa miwani, akaikuza moja kwa vidole viwili, akawa anautafuta mwembe wake. Alipoupata alisogeza kidole polepole hadi kwenye maji.

“Shamba langu linaanzia hapa,” akasema. “Na kumbe kwa Bi Mkubwa pia yalifika.”