King Curtis: je, alionewa?

Katikati ya "Respect", wimbo ambao Aretha Franklin aliurekodi New York Februari 1967, sauti yake inapisha na saksafoni aina ya tenor inashika usukani. Haifiki nusu dakika. Otis Redding, mtunzi wa wimbo huo, alipoutoa mwaka 1965 hakuweka kipande hicho; kilitengenezwa studio, kwa kordi (noti zinazopigwa pamoja) zilizoazimwa kwenye wimbo wa waimbaji wawili, Sam & Dave. Aliyekipuliza ni King Curtis, yaani Curtis Ousley, mzaliwa wa Fort Worth, Texas.

Wapo wanaomlilia kwamba alimaliza maisha akipamba nyimbo za wenzake. Upande wa malipo, kilio hicho kina haki kabisa. Mwanamuziki wa kukodiwa alilipwa kwa kipindi cha kurekodi, akafunga ala yake akaenda zake. Tena Marekani, vituo vya AM na FM hadi leo vinamlipa mtunzi wa wimbo, si aliyeuimba. Aretha mwenyewe hakupata mrabaha "Respect" ilipopigwa kwenye redio hizo, sembuse mpuliza saksafoni! Hapo sioni cha kutetea.

Lakini kumwita mtu wa kivulini ni kumkosea. "Soul Twist" yake ya mwaka 1962 ilishika namba moja kwenye chati ya muziki wa Wamarekani weusi, R&B. Mwaka 1965 bendi yake ilitumbuiza uwanja wa Shea Stadium, New York, kabla ya Beatles kupanda jukwaani, na Machi 1971 aliiongoza bendi ya Aretha kwenye ukumbi wa Fillmore West, San Francisco. Huyu hakukosa pa kusimama.

Na kazi yenyewe ya kukodiwa si ya mtu wa daraja la pili. Sikiliza "Yakety Yak" ya The Coasters, 1958: wazazi wanamfokea mtoto, kisha saksafoni inadonoa noti harakaharaka kama kuku kwenye mtama. Ukiiondoa, utani wote unapoa. Kuusoma wimbo wa mwenzio, ukajua pa kuingia na pa kutoka bila kumfunika mwenyewe, ni kipaji ambacho wakali wengi wa jukwaani hawana. Sisi wa muziki wa dansi tunalijua hilo. Ndiyo maana mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina katikati ya wimbo. Sifa hiyo ni tamu, ila haijazi kibaba. Kwangu mimi, dhuluma ilikuwa kwenye mkataba, haikuwa kwenye kazi.

Angekuwa anaidharau kazi hiyo, angeiacha alipopata jina. Hakuiacha. Mwaka uleule wa Fillmore alikubali kupuliza kwenye "Imagine", albamu ya John Lennon. Agosti 13, 1971, alichomwa kisu nje ya jengo lake New York, akafa akiwa na miaka 37. Albamu ilitoka Septemba.