Ushairi wa Waanglo-Saksoni: ulitoka mdomoni au kwenye kalamu?

Wanaosoma fasihi ya Waanglo-Saksoni, watu wa Uingereza ya kale, wana ubishi wa siku nyingi, kwamba utenzi kama Beowulf, mishororo 3,182 na mswada mmoja tu ulionakiliwa karibu na mwaka 1000, ni ushairi wa watu ulioghaniwa vizazi na vizazi kisha mtu akauandika, au ni kazi ya msomi mmoja aliyekaa na kalamu yake monasteri. Mi nilikuwa upande wa kwanza miaka mingi na nilikuwa naupigania kabisa, siku hizi nimesogea.

Upande wa mdomo una hoja nzito sana. Mtafiti Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord walienda Yugoslavia miaka ya 1930 kurekodi manju wa huko, na mwaka 1935 kule Bijelo Polje wakampata Avdo Međedović, mtu hajui kusoma wala kuandika, akawatolea kichwani utenzi wa mishororo zaidi ya 12,000. Hakuukariri neno kwa neno, alikuwa na hazina ya vifungu vinavyoingia kwenye mizani anavipanga hukuhuku anaendelea. Mwaka 1953 msomi Francis Magoun akatafuta vifungu vya namna hiyo kwenye mishororo 25 ya kwanza ya Beowulf, akakuta kama asilimia 70 ya vipande vinajirudia kwenye tenzi za kale za Kiingereza. Na umbo lenyewe linaruhusu, maana mshororo una vipande viwili na kituo katikati, kama ukwapi na utao wetu, ila hakuna vina, kinachoviunganisha ni sauti za mwanzo za maneno yenye mkazo. Bahari inaitwa njia ya nyangumi, mfalme anaitwa mgawa pete, yaani manju anajua tayari aseme nini kulingana na sauti anayoitaka.

Sasa Magoun akavuka mpaka, akasema penye vifungu vingi namna hiyo basi mtunzi hakuwa mtu wa kalamu. Mwaka 1966 msomi mwingine, Larry Benson, akamjibu na hapo ndo mi nilianza kuyumba, kwa sababu alionyesha tenzi ambazo tunajua zimetoka kwenye vitabu vya Kilatini na vifungu vimejaa vilevile. Chukua mashairi ya Boethius, mwanafalsafa aliyeandika kwa Kilatini, yaliyotiwa Kiingereza cha kale: mtu alikuwa na tafsiri ya nathari mbele yake akaigeuza mishororo, na ukiweka nathari na shairi pamoja unaona kabisa alipochomeka vifungu vya kimanju ili mizani ijae. Huyo alikuwa na kitabu mezani! Kwa hiyo vifungu vinatuambia mtunzi alijifunzia ufundi wapi, havituambii kama alijua kuandika.

Ila kwangu ushahidi mtamu kuliko wote ni wa Cædmon. Mtawa Bede, kwenye historia ya kanisa la Uingereza aliyoimaliza mwaka 731, anasimulia kuhusu huyu mchunga ng'ombe wa monasteri ya Whitby enzi za abesi Hild, mama mkuu wa monasteri hiyo. Kwenye karamu kinubi kilikuwa kinapita mkono kwa mkono kila mtu aimbe, na yeye akiona kinakaribia anainuka anaondoka. Usiku mmoja amelala zizini akaota anaambiwa aimbe, akaimba juu ya uumbaji, baada ya hapo wasomi wakawa wanamsimulia Maandiko, yeye anayatafuna kama ng'ombe anavyocheua, anayatoa yakiwa shairi, na walimu wake wanamsikiliza; tafsiri ya Kiingereza cha kale ya historia hiyo inasema walikuwa wanaandika kabisa. Mdomo na kalamu viko chumba kimoja hapo, utatenganishaje?

Alafu angalia wimbo wake, mishororo 9 tu. Nakala nyingine zinasema Mungu aliwaumbia mbingu watoto wa watu, nyingine watoto wa dunia, na vyote viwili vinakaa sawa kwenye mizani. Msomi Katherine O'Brien O'Keeffe aliliandikia hili mwaka 1990, kwamba mnakili akifika kwenye shairi la lugha yake sikio linaongoza mkono, anaandika kama mtu anayeghani. Mi nimeshindwa kuipinga hoja hiyo.

Na watawa walizipenda hizi nyimbo za ukumbini. Mwaka 797 Alcuin, msomi wa kanisa kutoka Uingereza, alimwandikia askofu mmoja akilalamika kwamba kwenye chakula cha mapadre asikilizwe msomaji na siyo mpiga kinubi, akauliza Ingeld ana nini na Kristo. Ingeld ni shujaa wa nyimbo za kale, yumo hata ndani ya Beowulf.

Lakini upande wangu wa zamani bado naupa haki yake kwa jambo moja. Ushairi wote wa Kiingereza cha kale uliobaki ni kama mishororo 30,000, karibu wote umepita mikononi mwa kanisa. Wale wenzake Cædmon walioimba kabla kinubi hakijamfikia, watu wa kawaida kabisa wa Whitby, walikuwa na nyimbo zao usiku ule, na Bede hakuandika hata mshororo mmoja wa kwao.