Uvimbe wa Burkitt: kirusi ni mtendaji au abiria?

Desemba 1963, kichupa chenye kipande cha uvimbe wa taya la mtoto kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda London, kikachelewa njiani kwa sababu ya ukungu, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Mtafiti Michael Epstein hakukimwaga. Alitazama tone chini ya hadubini akaona seli hai zikielea, na ni katika seli za uvimbe huo, saratani ya chembe B (chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili) ambayo Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago jijini Kampala, alikuwa ameieleza mwaka 1958, kwamba Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitambua kirusi kipya cha jamii ya herpesi, kinachoitwa leo kirusi cha Epstein-Barr, mwaka 1964.

Wanaosema kirusi hicho hakisababishi uvimbe bali ni abiria tu ndani yake wana hoja nzito. Zaidi ya watu wazima tisa kwa kila kumi duniani wanacho na wengi mno hawaugui saratani, na huko Marekani na Ulaya uvimbe huu mara nyingi hauna kirusi kabisa. Tena badiliko linalokutwa karibu kila mara ni jeni ya MYC, inayoamuru seli igawanyike, kuhama kutoka kromosomu ya 8, aghalabu kwenda ya 14, na kutua jirani na jeni za kingamwili ambako haipumziki tena. Anayeshukiwa hapo ni malaria, ambayo huzichochea chembe B mpaka kimeng'enya cha AID, ambacho kazi yake halali ni kuhariri jeni za kingamwili, kikate DNA pasipostahili. Kirusi chenyewe kimezima karibu jeni zake zote. Protini inayobaki ni EBNA1.

Hata hivyo siikubali hoja hiyo yote. Seli ambayo MYC imeshika kasi kiasi hicho kwa kawaida hujiua, na jeni ya BIM ni mojawapo ya zinazotekeleza kifo hicho. Kirusi kinapoingia katika chembe B, protini zake EBNA3A na EBNA3C huifunga BIM kwa alama za kikemikali, na alama hizo zaweza kubaki protini zenyewe zikiwa zimeshatoweka. Kwa hiyo kukihukumu kirusi kwa jeni zake zilizo hai siku uvimbe unapokatwa ni kufika baada ya kazi kwisha. Ushahidi unaonishawishi zaidi ni huu: uvimbe usio na kirusi hubeba mabadiliko mengi zaidi katika jeni za kifo cha seli, kama TP53, kuliko ule ulio nacho, kana kwamba pale kirusi kilipokuwepo seli haikulazimika kuziharibu yenyewe.

Malaria basi inabaki na lawama yake, na chandarua kinabaki kinga ya kweli kwa mtoto wa ukanda wa Ziwa Victoria. Lakini anayeishia hapo anaisahau chanjo dhidi ya kirusi, ambayo miaka sitini baada ya kichupa kile bado haijaidhinishwa popote.