Betri Ipimwe Pamoja na Asidi Yake

Juma lililopita, nyuma ya duka la vyuma chakavu huku Majengo, Mombasa, nilimwona kijana akiipindua betri ya gari juu ya mtaro, akaigonga kitako mpaka asidi yote ikatoka, kisha akaipeleka kwenye mizani. Pale asidi ilipoangukia jiwe la matumbawe, jiwe lilitoa povu jeupe. Hatua chache kutoka hapo pana kisima ambacho majirani hukitegemea kila mifereji inapokauka, na sote tunajua hukauka mara ngapi. Nilipomuuliza kwa nini anaimwaga, alinijibu kwa adabu: "Ami, tajiri hanunui maji. Anataka risasi."

Simlaumu kijana huyo. Maadamu mnunuzi hulipia uzito wa risasi peke yake, yaani ile metali nzito iliyo ndani ya betri, kila betri inayochakaa mjini itamwagwa mahali fulani kabla ya kufika kwake, iwe mtaroni, uani au ufukweni. Tena asidi hiyo haitoki peke yake, kwani huwa imebeba chembe za risasi zilizomomonyoka kutoka kwenye vibao vya ndani. Chokaa ya matumbawe huipunguza asidi makali, lakini risasi haiozi wala haiishi nguvu. Hubaki udongoni, udongo ukawa vumbi, na vumbi likashika vidole vya watoto wanaocheza gololi, ambao muda si mrefu watavitia kinywani. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, nayo hudhuru ubongo ambao bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatendeka Mombasa, mji usioweza kudai kwamba haukuambiwa. Kule Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu, na kabla hakijafungwa mwaka 2014 moshi na maji yake machafu yalikuwa yamewaingia wakazi damuni. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kupigania kijiji kizima, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa, na ilibidi wasubiri hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Kuna watoto waliozaliwa, wakaugua na kuzikwa kabla ya kesi hiyo kufika mwisho.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba bila wenye mikokoteni hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaopita vichochoroni kuzikusanya betri ambazo vinginevyo zingeishia jaani Mwakirunge. Nakubali pia kwamba risasi ya betri huyeyushwa na kutumika tena karibu yote, na kwamba kazi hiyo huweza kufanywa kwa usalama katika kiwanda chenye vichujio vya moshi, mbali na makazi. Taka nyingine za umeme, kama simu na nyaya, nazo zina madhara yake, na wanaochoma nyaya ili wapate shaba wanavuta moshi wenye sumu kali. Hilo linahitaji makala yake.

Kwa betri, hata hivyo, dawa inajulikana na sheria zipo. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2024 zimemtwika anayeingiza bidhaa nchini wajibu wa kuishughulikia inapokuwa taka, basi kila duka linalouza betri mpya lilazimishwe kupokea ile kuukuu, ikiwa nzima na imefungwa, na kumpunguzia mteja bei kwa ajili yake. Wauzaji wa vyuma chakavu nao hupewa leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Leseni hiyo iwe na sharti kwamba betri hununuliwa ikiwa na asidi yake, kwa bei isiyopungua ya betri tupu, na atakayekutwa na rundo la betri zilizomwagwa anyang'anywe leseni siku hiyo hiyo.