Daftari la Michoro Halitaki Raba

Picha iliyotundikwa ukutani imeshaoga, imeshavaa, inasubiri wageni. Daftari la mchoraji ni mtu huyohuyo akiwa jikoni na kanga moja. Mkono umechorwa mara tatu: wa kwanza mfupi, wa pili umepinda, wa tatu ndio wenyewe, pembeni kuna hesabu ya deni. Wengi hudhani wanapenda madaftari haya kwa uzuri wa michoro. Mimi nasema wanapenda ile mikono miwili ya mwanzo, na mchoraji anayetembea na raba anaiua.

Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, aliliona hilo zaidi ya miaka 500 iliyopita. Katika maandishi yake anamshauri mchoraji atembee na kijitabu cha karatasi iliyotiwa rangi, achore watu wanavyoongea, wanavyogombana na kucheka, asifute. Kikijaa akitunze, achukue kingine. Rangi ile haikuwa pambo. Karatasi ilipakwa unga wa mifupa iliyochomwa uliochanganywa na gundi, kisha ikachorwa kwa ncha ya madini ya fedha. Fedha husagika kidogo juu ya unga huo na kuacha mstari wa kijivu, ambao taratibu hugeuka kahawia. Ukitaka kuutoa, sharti ukwangue na rangi yenyewe. Basi jicho hulazimika kutazama kabla mkono haujaenda.

Waliokuja baada yake ndio walioharibu. Mwishoni mwa karne ya 16 mchongaji Pompeo Leoni alikatakata kurasa za Leonardo na kuzibandika upya, mambo ya ufundi huku, sanaa kule. Zao la kazi hiyo, kitabu kiitwacho Codex Atlanticus, lenye karatasi 1,119, liko maktaba ya Ambrosiana mjini Milano. Karatasi zimebaki, lakini kipi kilifuata kipi kimepotea. Tazama sasa ukurasa mmoja wa Codex Arundel, mkusanyo mwingine wa maandishi yake, ulioko Maktaba ya Uingereza: Leonardo anapambana na pembetatu, halafu anakatiza kwa sababu supu inapoa. Mkasi ungechukua pembetatu na kuimwaga supu.

Tukija kwenye daftari lako: achana na la ringi. Ukurasa wake unachanika bila kelele, na kurasa zikisuguana ndani ya mkoba penseli inachafuka. La gundi tupu nalo linamwaga karatasi ukilifungua sana. Chukua lililoshonwa, au lishone mwenyewe. Karatasi 4 za A4 zikikunjwa pamoja zinatoa kurasa 16. Mafungu 5 ni kurasa 80. Toboa matundu 5 kwenye kila mkunjo, ushone kwa uzi wa kitani au pamba uliopakwa nta.

Hapa wengi hukwama, wakailaumu sindano. Kosa liko kwenye karatasi. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja, na A4 ya dukani kwa kawaida huzilaza kwa urefu. Ukiikunja katikati unazivunja, daftari linakataa kutulia wazi na mkunjo unachanuka. Jaribu kuipinda karatasi bila kuibana, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Pale inapolainika, mpindo unakwenda sambamba na nyuzi, na mkunjo wako uwe hapo. Dawa rahisi ni kununua A3 yenye nyuzi za urefu na kuikata katikati: unapata A4 mbili ambazo nyuzi zake zinalala kwa upana, tayari kukunjwa.

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba: gramu 80 zinatosha penseli, ila wino utatokea nyuma. Kalamu inataka 120 hadi 160. Ukipaka rangi za maji, anzia 200, na weka karatasi 2 tu kwa kila fungu, maana 4 zitatengeneza kifundo mgongoni. Penseli iwe HB au 2B. 6B, iliyo laini na nyeusi zaidi, ni tamu kuchora nayo, lakini baada ya wiki ni moshi mtupu, labda ufunge daftari kwa mpira kurasa zisitembee. Wino wa kalamu za kawaida hupauka juani, ingawa daftari lililofungwa lina giza lake, na rangi nyingi za humo hudumu kuliko zilizo ukutani. Kwa wa pwani: usifunge ukurasa ukiwa mbichi, wala usiufungie kwenye mfuko wa plastiki. Ukungu hauchelewi.

Ukikosea mstari, chora mwingine kando yake, mzito zaidi. Na siku ya kwanza kabisa andika namba za kurasa kwa wino, 1 hadi 80, usije ukashawishika kuchana. Kwenye daftari lililoshonwa, ukichana karatasi moja, pacha wake wa upande wa pili wa mkunjo naye analegea, kisha anadondoka.