Kukosoa na Kudai: Mpaka wa Heshima kwa Wabunifu Mtandaoni

Miaka michache iliyopita nilichora mchoro wa moyo wa binadamu kwa ajili ya wanafunzi wa baiolojia, nikauweka mtandaoni ili yeyote anayeuhitaji auchukue bila malipo. Kazi hiyo ilinimalizia jioni za takriban wiki tatu, na jina langu nililiandika kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Baada ya muda nilikutana na watu wawili ambao sijawasahau mpaka leo. Wa kwanza aliandika chini ya mchoro: "Vena za mapafu umezipaka buluu. Damu ya humo ina oksijeni, zinatakiwa kuwa nyekundu. Rekebisha, unapotosha watu." Hakunisalimu, hakunishukuru, wala hakutaja sehemu hata moja iliyompendeza. Wa pili nilimgundua nilipoukuta mchoro wangu kwenye ukurasa wake ukiwa umekatwa kwa chini ili jina lisionekane. Aliyeukata hakuwa mwangalifu, kwa hiyo ncha ya moyo nayo ilikwenda na jina. Juu yake alikuwa ameandika sifa tele kuhusu uzuri wa picha hiyo. Nilipomwandikia, alinijibu kwa upole mwingi kwamba aliikuta tu mtandaoni, na kwamba ningepaswa kufurahi kwa kuwa ameifikisha kwa watu wengi zaidi.

Tukipima adabu kwa maneno peke yake, huyu wa pili ndiye mwenye adabu na wa kwanza ni mkorofi. Kwangu mimi ilikuwa kinyume kabisa. Yule wa kwanza aliutazama mchoro wangu kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote, akafuata kila mshipa mpaka akafika pale nilipokosea, ilhali aliyenisifu hakujali hata kwamba moyo umebaki bila ncha. Tangu hapo nimekuwa nikiufuatilia mjadala kuhusu heshima kwa wabunifu nikiwa na shaka kwamba pande zote mbili zinazovutana zimeuweka mpaka mahali pasipo pake.

Upande wa kwanza husema kwamba mtu anayetoa kazi yake bure anastahili, angalau, kupokelewa kwa shukrani. Hoja hii ina uzito, hasa tukizingatia wingi wa watu. Msomaji mmoja anapoandika neno kali, yeye anaona neno moja tu. Mwandishi anayelipokea huona la mia mbili siku hiyo, na hana namna ya kulijibu kila moja kwa subira ileile. Uwiano wa nguvu kati yao haulingani. Ni kwa sababu ya namna hii ambapo YouTube, mnamo Novemba 2021, iliamua kuficha hadharani idadi ya watu waliobonyeza kitufe cha kutopenda, huku mwenye video akiendelea kuiona idadi hiyo peke yake. Kampuni ilieleza kwamba majaribio yake yalionyesha kupungua kwa mashambulizi ya makundi yanayobonyeza kitufe hicho kwa ajili tu ya kumkomoa mtu, na kwamba waliokuwa wakiumia zaidi ni wenye wafuasi wachache.

Upande wa pili uliipinga hatua hiyo vikali, na miongoni mwa waliopinga alikuwamo Jawed Karim, mmoja wa waasisi wa YouTube yenyewe. Sababu yao haikuwa chuki kwa wabunifu. Mtu anayetafuta video ya kumfundisha kurekebisha kifaa cha umeme alikuwa akiitazama idadi ile kama onyo: video iliyokataliwa na wengi huenda inafundisha jambo la hatari, au ni ya kitapeli. Onyo hilo lilipofichwa, waliolindwa dhidi ya uonevu ni wabunifu wote kwa pamoja, wakweli na waongo. Wenye mtazamo huu wanaongeza kwamba kazi ikishawekwa hadharani imekubali kupimwa hadharani, na kwamba neno "heshima" limekuwa likitumiwa mara nyingi kuwafunga midomo watu wenye hoja. Nimewaona wenye wafuasi malaki wakinakili maoni ya mkosoaji mmoja asiyejulikana na kuyaanika, wakijua fika kwamba wafuasi wao watamwandama mpaka afunge akaunti yake. Katika hali kama hiyo, anayehitaji ulinzi si mbunifu.

Kwa hiyo kila upande una ukweli wake, na sioni kama mmoja wao unaweza kuushinda mwingine maadamu swali ni "tuseme kwa ukali au kwa upole?" Naona swali lenyewe limekosewa. Kukosoa na kudai ni vitu viwili tofauti. Anayekosoa anazungumzia kazi iliyopo: hapa pana kosa, hapa hadithi imelegea, hapa programu inakwama. Anayedai anazungumzia kazi ambayo bado haijafanywa, kana kwamba mwenzake amekopa na sasa muda wa kulipa umepita: sura inayofuata iko wapi, mbona unachelewa, kwa nini hukufanya nilivyotaka. Wanaotetea upole hukemea ukosoaji huku madai yakipita bila kuguswa, kwa kuwa madai huweza kuvaa maneno laini kabisa. Wanaotetea uhuru wa maoni nao huyajumuisha madai chini ya ukosoaji, wakayapa hadhi isiyo yake.

Kisa cha xz kinalionyesha jambo hili kuliko kingine chochote ninachokijua. Hiyo ni programu huria (yaani yeyote anaweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha bila malipo) ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, ambayo ni mifumo ya kuendeshea kompyuta, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2022 zilianza kumfikia jumbe kutoka kwenye akaunti chache, zikilalamika kwamba kazi inakwenda polepole, kwamba masahihisho yaliyotumwa hayashughulikiwi, na kwamba afadhali awaachie wengine mradi huo. Alijibu kwa unyenyekevu kwamba nguvu zake zimepungua kwa sababu za kiafya, na akawakumbusha kwamba anafanya kazi hiyo bila malipo. Mmoja wao alimpa pole kuhusu afya yake, kisha katika ujumbe uleule akaendelea kumsukuma. Hatimaye mtunzaji alianza kugawana mamlaka ya kuuendesha mradi na msaidizi aliyekuwa akijiita Jia Tan, ambaye kwa muda mrefu alikuwa ameonyesha bidii na lugha nzuri. Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0 ambalo ndani yake lilikuwa limepachikwa mlango wa siri wa kumwezesha mvamizi kuingia kwenye kompyuta za watu. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshangazwa na kuchelewa kwa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia salama kwenye kompyuta iliyo mbali, akaufuatilia ucheleweshaji huo mpaka mwisho na kuutangaza tarehe 29 Machi 2024.

Wachunguzi wengi wanaamini kwamba akaunti zile za walalamikaji zilikuwa za bandia na ziliundwa kwa lengo la kumchosha mtunzaji. Lililonishtua mimi ni kwamba hakuna aliyezishuku wakati ule. Zilifanana kabisa na jumbe ambazo watunzaji wa programu huria huzipokea kila wiki kutoka kwa watu wa kawaida wasio na nia mbaya. Hazikuwa na tusi lolote ambalo kanuni ya adabu ingeweza kulikamata. Mvamizi alihitaji tu kuiga mazoea ambayo tayari jamii ilikuwa imeyakubali, nayo mazoea hayo ni kumchukulia anayejitolea kama mwajiriwa aliyezembea.

Hata hivyo, siwezi kuwanyima wanaodai haki yao pale wanapokuwa nayo. Mbunifu anayepokea ada ya kila mwezi kutoka kwa wafuasi, akaahidi kuwapa sura mbili kila mwezi, amejifunga kwa ahadi yake, na anayemuuliza ziko wapi hafanyi utovu wa adabu. Vilevile kuna kazi ambazo zikishaenea hazimhusu tena mwenyewe peke yake. Machi 2016 mtunzi mmoja wa programu aliingia katika mgogoro kuhusu jina la mojawapo ya kazi zake, akaamua kuondoa kazi zake zote kwenye npm, hazina ya mtandaoni ambako watunzi huweka programu ndogo ili wengine wazitumie katika kazi zao, ikiwemo programu ndogo ya mistari 11 iitwayo left-pad. Miradi maelfu iliyoitegemea, moja kwa moja au kupitia programu nyingine, ikashindwa kujengwa, na npm ikairejesha hazinani muda mfupi baadaye. Wako walioona mtunzi alionewa na wako walioona aliwaadhibu wasiohusika. Mimi naona alikuwa na haki ya kuacha kuitunza kazi yake wakati wowote, ila kuing'oa ghafla chini ya waliokwisha kuijengea juu ni jambo jingine; na waliojenga juu yake nao walipaswa kujiuliza mapema ni nani anayeibeba mizigo yao.

Kuhusu ukali wa maneno, nina machache ya kusema. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijulikana kwa miaka mingi kwa kuwafokea waliomletea kazi mbovu, na wapo walioamini kwamba ukali huo ndio ulioilinda Linux. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa mashambulizi yake ya binafsi, akapumzika kidogo na kurejea mwezi uliofuata. Bado anakataa kazi mbovu, na Linux haijaporomoka. Ukali kwa kazi, basi, unaweza kutenganishwa na ukali kwa mtu. Katika uandishi wa hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo wapenzi wa kitabu au filamu huandika kuhusu wahusika wake, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wengi huandika kwa kujiburudisha na hawakuomba kufundishwa. Tovuti ya Archive of Our Own, inayohifadhi hadithi hizo, inayoendeshwa na watu wa kujitolea na iliyopata Tuzo ya Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi na za kifantasia, mwaka 2019, imempa msomaji kitufe cha pongezi bila kumpa cha kutopenda. Wapo wanaosema kwamba hali hiyo inadumaza waandishi. Nakubaliana nao nusu tu: anayetaka kukua ataomba kukosolewa, na aliyeandika kosa la kweli kuhusu dawa au sheria ni tofauti na aliyeandika mapenzi ya wahusika wawili wa kubuni. Kadiri kosa linavyoweza kumdhuru msomaji, ndivyo mkosoaji anavyozidi kuwa na haki ya kusema bila kualikwa.

Linabaki suala la jina, ambalo watu wengi hulichukulia kama jambo la majivuno. Historia haikubaliani nao. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 kuhusu kazi za fasihi na sanaa uliongezewa huko Roma mwaka 1928 kifungu kinachomlinda mtunzi hata baada ya kuuza haki zake zote za kiuchumi: bado anaweza kudai atambuliwe kuwa ndiye mtunzi, na kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mtunzi huruhusu wengine watumie kazi yake bure kwa masharti anayoyachagua, zilipotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2002, mtoaji aliweza kuchagua kama anataka atajwe au la. Karibu wote walichagua kutajwa, hata matoleo ya mwaka 2004 yakalifanya kuwa sharti la kawaida katika leseni zote kuu. Tuwatazame watu hawa kwa makini: ni wale walioamua kwa hiari yao kutoa kazi zao bure, na bado walitaka jina lao libaki.

Wapo wanaojibu kwamba mtandao umejengwa kwa kunakili na kugeuzageuza, na kwamba picha za utani zinazopita mikono elfu haziwezi kubeba orodha ya wote walioziongezea kitu. Hilo ni kweli, na sidhani kama kuna anayeumia sana kwa picha za namna hiyo. Lakini hoja hiyo husingiziwa pia na mtu aliyemjua mwenye kazi, akaliona jina lake, kisha akachukua mkasi. Kwa huyo haikuwa vigumu kumtaja mtunzi. Kumwondoa ndiko kulikomgharimu juhudi.

Tena faida ya jina haiishii kwa mtunzi. Baada ya yule mkosoaji wangu kuniandikia, nilithibitisha kwenye vitabu kwamba yuko sahihi, nikazipaka vena za mapafu rangi nyekundu, nikaweka toleo jipya mahali pa lile la zamani pamoja na maelezo ya kosa na shukrani kwake. Mwenye picha iliyobaki na jina langu anaweza kunitafuta akalipata toleo hilo. Wanaoichukua picha kutoka kwenye ukurasa wa yule mwingine hawana pa kuanzia, kwa kuwa kona iliyokuwa na jina haipo, na nilipomwomba aweke toleo lililosahihishwa hakunijibu tena. Wiki iliyopita niliiona katika maelezo ya somo la mtu nisiyemfahamu, ikiwa bado haina ncha na vena zake bado ni za buluu.