Mzee, usimuuze mhusika wako ili upate kitabu

Wiki iliyopita mchoraji mmoja ninayemheshimu sana, mtu aliyetuchekesha tangu tukiwa shule ya msingi, alinitumia mkataba kwa WhatsApp akaniomba niusome. Kuna mchapishaji anataka kukusanya vibonzo vyake vya zamani avitoe kitabu. Nilifurahi mpaka nilipofika ukurasa wa tatu. Pale pana kifungu kinachompa mchapishaji haki zote za mhusika, kwa lugha zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, bila kikomo. Malipo ni ya mara moja. Nikampigia simu.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nataka tu wajukuu waone nilichokuwa nafanya."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani. Aliyempelekea karatasi ile alijua kabisa mzee atasema hivyo. Alijua kwamba mtu aliyechora kila wiki kwa miaka mingi, na leo hana hata nakala moja ya kuishika mkononi, atatia saini chochote kinachoahidi kitabu. Hilo ndilo linaloniuma.

Tunapozungumzia mustakabali wa wahusika wetu wa katuni, swali linalotangulia huwa: nani atamrithi mchoraji? Nani atamchora mhusika mzee akiondoka? Mimi naona tunaanzia mwisho. Mhusika hafi kwa kukosa mtu wa kumchora. Anakufa kwa sababu kazi zake za zamani hazipatikani popote.

Mmarekani Bill Watterson aliweka kalamu chini tarehe 31 Desemba 1995. Katuni yake, Calvin and Hobbes, ya mtoto Calvin na chui wake, ilikuwa imedumu miaka kumi tu. Hakuacha mrithi, hakuruhusu filamu, hakuruhusu wanasesere. Lakini vitabu vyake havikuondoka madukani, na mwaka 2005 kazi yote ikatoka katika juzuu tatu nzito. Leo kuna watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu wanaomjua Calvin kama jirani yao. Mbelgiji Hergé alikamilisha hadithi yake ya mwisho ya Tintin, kijana mwanahabari, mwaka 1976, akafariki mwaka 1983 akiwa amesema wazi kwamba hataki mtu mwingine aendelee. Hadithi aliyoiacha nusu ilichapwa mwaka 1986 vilevile ilivyokuwa, michoro ya haraka ya penseli, wala hakuna aliyeruhusiwa kuimalizia. Tintin yupo. Mmarekani Charles Schulz alichora katuni ya Peanuts kwa karibu miaka 50, akafariki usiku wa kuamkia siku ambayo kibonzo chake cha mwisho cha Jumapili kilitoka magazetini, Februari 2000. Familia haikutaka mchoraji mwingine. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2016 kazi nzima ikakusanywa, kila juzuu miaka miwili, vikiwemo vibonzo vingi vya mwanzo ambavyo havikuwahi kuingia kitabuni hata mara moja.

Sasa turudi kwetu. Nani anaweza kuingia duka la vitabu leo, Dar au Nairobi, akatoka na mkusanyo kamili wa Chakubanga wa Christian Gregory, aliyekuwa akitoka kwenye gazeti la Uhuru? Juha Kalulu wa Edward Gitau alikuwa sehemu ya Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Mkusanyo wake kamili uko rafu gani? Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe wa jarida la Sani walisomwa na watu ambao hawakuwahi kununua gazeti lolote la siasa. Nakala moja ya Sani ilizunguka mtaa mzima, ikarudi bila jalada. Ukimtajia Lodi Lofa mtu wa rika langu anacheka hapohapo. Ukimtajia kijana wa miaka ishirini, anakuangalia tu. Kijana huyo hana kosa. Hakuna aliyempa cha kusoma.

Nilimtembelea mzee Jumamosi. Michoro yake ya asili, ile iliyobaki, imo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya bahasha za kaki. Mingi haipo. Gazeti alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa likichukua mchoro, linaupiga picha kwa ajili ya sahani za kuchapia, halafu karatasi inatupwa au inaondoka na yeyote aliyeipenda. Alivyonavyo ni vile alivyovirudia kuvidai.

Akanionyesha kimoja cha miaka ya themanini mwanzoni. Fremu tatu kwenye karatasi ya manila iliyogeuka kahawia. Mistari ya penseli bado inaonekana chini ya wino, unaona alivyouhamisha mkono wa mama mmoja mara mbili kabla ya kuridhika. Kwenye fremu ya mwisho, puto la maneno limebandikwa kipande cha karatasi chenye maneno mapya. Gundi imekauka, kipande kimeinuka pembeni, na chini yake unasoma maneno ya kwanza, yale mhariri aliyoyakataa: mama yuko kwenye foleni ya duka la kaya, lile la mgao, anaambiwa sukari imeisha lakini unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, upo, anauliza kama hata kucheka kutakuwa kwa mgao. Gazetini yalitoka maneno mengine kabisa, ya kuhimiza watu wawe na subira.

Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Historia yote ya kipindi kile iko pale: alichokiona mchoraji, alichoogopa mhariri, alichoruhusiwa msomaji. Hakuna nakala ya gazeti, hata ile iliyotunzwa vizuri maktaba, itakayokuonyesha hilo. Kipande kile kikidondoka sakafuni siku ya usafi, kimekwenda. Na mchwa wameshaanza kona moja ya sanduku.

Kwa hiyo ndiyo, kitabu kinahitajika, na kinahitajika haraka. Naielewa haraka ya mzee kuliko anavyodhani. Lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayotumiwa dhidi yake. Kuchapa kitabu ni ruhusa moja: nakala kadhaa, kwa muda fulani, kwa lugha fulani, na mirabaha inaandikwa. Kumiliki mhusika ni jambo jingine kabisa. Anayekuambia hivi viwili haviwezi kutenganishwa anakudanganya. Ni kuuza shamba ili ulipwe mahindi ya msimu mmoja.

Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimuuza Superman kwa dola 130. Mnajua kilichofuata: wakuu wa kampuni wakatajirika, na wao wawili wakaingia uzeeni wakihangaika kutafuta riziki. Watterson naye alianza kwa mkataba mbaya, unaoipa kampuni iliyosambaza katuni yake haki ya kumtumia Calvin kwenye bidhaa. Alipigana nayo kwa miaka, akiwa tayari kuacha kuchora kabisa, mpaka mkataba ukaandikwa upya na haki zikarudi kwake. Alishinda kwa sababu alikuwa maarufu kupita kiasi. Mzee wangu hatakuwa na nguvu hiyo. Nguvu yake yote iko sasa, kabla ya saini.

Na mfano wa kufuata upo. Mmarekani Jeff Smith alianza kuitoa katuni yake ya Bone mwaka 1991 kupitia kampuni yake mwenyewe, akaimaliza kwa matoleo 55 mwaka 2004. Kisha akaitoa yote katika kitabu kimoja cha zaidi ya kurasa 1,300. Mwaka uliofuata mchapishaji mkubwa wa vitabu vya watoto akaanza kuitoa tena kwa rangi. Hadithi ileile moja imeliwa mara tatu na aliyeitunga, kwa sababu ilibaki kuwa yake. Sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hao ndio wajukuu anaowataja mzee. Akisaini kifungu kile, wajukuu wataona kitabu, lakini wakitaka kumchora mhusika wa babu yao kwenye fulana ya harusi itabidi waombe ruhusa kwa mtu baki.

Kuhusu mrithi wa kalamu, nakubali kwa shingo upande kwamba wakati mwingine inawezekana. Goscinny, mwandishi wa hadithi za Asterix za Kifaransa, alipofariki mwaka 1977, mchoraji wake Uderzo aliendelea peke yake, na kwa muda mrefu alisema shujaa huyo ataondoka naye. Baadaye akabadili msimamo, jambo lililomfanya binti yake mwenyewe kulalamika hadharani, na mwaka 2013 ikatoka hadithi ya kwanza ya warithi wake, Ferri na Conrad. Iliuzwa vizuri sana. Hata hapa kwetu, Philip Ndunguru, mchoraji wa Sani, alipofariki mapema, kalamu nyingine zilishika. Sawa. Lakini angalieni kwamba Asterix alipata wachoraji wapya wakati vitabu vyote vya zamani viko madukani. Msomaji aliweza kulinganisha. Kwetu mrithi atakuwa anamrithi mtu ambaye hakuna anayeweza kumsoma.

Tena mtunzi akibaki na mali yake, mlango haufungwi. Marguerite Abouet na Clément Oubrerie walisimama baada ya kitabu cha sita cha katuni yao ya Aya, msichana wa Yopougon huko Abidjan, mwaka 2010. Vitabu viliendelea kusomwa, na mwaka 2022 wakarudi na cha saba. Yopougon ilikuwa inawasubiri.

Kuna jambo moja ambalo mzee na mimi hatukuelewana. Katika vibonzo vyake vya zamani kuna mke anayepigwa kofi kwa sababu chakula kimechelewa, na hiyo ndiyo fremu ya kuchekesha. Kuna mtu wa kabila fulani anayechekwa kwa lafudhi yake kila anapotokea. Mchapishaji anataka vyote hivyo viondolewe au vichorwe upya. Mzee naye anataka virekebishwe, anaona aibu.

Mimi nasema vichapwe vilivyo, na mbele yake yeye mwenyewe aandike kurasa mbili za kueleza. Tazameni kitabu cha Hergé, Tintin nchini Kongo. Ilitoka kwanza mwaka 1930 na 1931, Tintin akiwafundisha watoto wa Kongo darasani kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Hergé alipoichora upya kwa rangi mwaka 1946, somo likageuka hesabu za kujumlisha. Ubelgiji ikafutwa darasani, lakini watoto wale wakabaki wamechorwa kwa midomo ileile na ujinga uleule. Mwaka 2007 Mkongo aishiye Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, aliipeleka mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Sisi wasomaji wa Kiswahili, ambao ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu walikuwa ndani ya ukoloni ule, tunapaswa kujua marekebisho ya aina hiyo yanamsaidia nani. Somo la mwanzo lilikuwa ushahidi. Lile la pili linaficha ushahidi na kuacha tusi palepale.

Mzee bado yuko hai. Hiyo ndiyo bahati yetu. Anaweza kusema kwa kalamu yake kwamba kofi lile lilichekesha wakati huo, na kwa nini, na kwamba leo hangelichora. Maelezo hayo yana thamani kuliko fremu mia zilizosafishwa. Aliniambia atafikiri. Mke wake, aliyekuwa akimenya viazi pale uani akitusikiliza, akasema aandike, na kwamba kama hataandika yeye ataandika mwenyewe.

Jumatatu tunakwenda kwa wakili na mkataba ule. Tutaomba haki ya mhusika itolewe kabisa, ruhusa iwe ya miaka mitano na ya Kiswahili pekee, na michoro yote ya asili irudishwe baada ya kuskaniwa. Mchapishaji akikataa, kuna wapiga chapa wa kutosha mjini na sisi wasomaji tunaweza kuchangia oda ya kwanza.

Wenye Sani za zamani, wenye magazeti yaliyohifadhiwa na baba au bibi, msiyauze kwa kilo na msiwape wafungashaji wa karanga. Skanini kurasa zote, hata zenye madoa, kwa rangi, na muandike tarehe ya gazeti. Wenye vibonzo vya mzee vya kuanzia mwaka 1981 hadi 1986, niandikieni wiki hii. Hivyo ndivyo vinavyokosekana zaidi kwenye sanduku.